Uchakavu wa Daraja Katika Gitaa Kuukuu la Nyuzi za Nailoni: Dalili, Vyanzo na Matengenezo

Gitaa la nyuzi za nailoni likishatumika kwa miaka mingi, malalamiko ya wenye nalo hufanana: uzi unakwaruza, uzi wa kwanza unachomoka, nyuzi zimepanda juu mno shingoni, au kumeonekana upenyo mwembamba nyuma ya daraja. Wengi husema gitaa limezeeka, wakalitundika ukutani, ilhali mara nyingi kilichochakaa ni kipande kimoja kidogo. Uchakavu wa daraja ni wa namna tatu ambazo hazipaswi kuchanganywa: kuna ule wa mfupa unaobeba nyuzi, ambao mwenye gitaa anaweza kuutengeneza mwenyewe, kuna ule wa matundu ya kufungia, ambao unahitaji uangalifu, na kuna kulegea kwa gundi, ambako si kazi ya nyumbani hata kidogo. Mwongozo huu unafuata dalili, kwa sababu dalili ndiyo mtu huiona kwanza.

Daraja ni kibao cha mbao ngumu kilichogundishwa kwenye uso wa gitaa, chini ya tundu la sauti. Kina mfuo mwembamba unaoshika kipande cheupe ambacho nyuzi hukikalia; kipande hicho nitakiita mfupa, ingawa katika magitaa ya bei nafuu huwa ni plastiki. Nyuma ya mfupa kuna kitako chenye matundu ambamo nyuzi hupitishwa na kufungwa. Katika gitaa lililotengenezwa sawasawa hakuna msumari wala skrubu inayoshika daraja. Gundi peke yake hustahimili mvuto wa nyuzi zote sita, ambao kwa seti ya kawaida ya nailoni ni kiasi cha kilo 40. Seti ya chuma huvuta kilo 70 au zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuuliza, kabla ya kutafuta kosa lolote, kama gitaa hilo limewahi kuvalishwa nyuzi za chuma.

Uzi unakwaruza unapopigwa

Anza kwa kutambua mkwaruzo unatokea wapi. Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, lakini ukatulia unapobonyezwa kwenye freti yoyote (vile vipande vya metali vilivyokatiza shingo), kosa liko upande wa juu wa shingo na daraja halihusiki. Ukikwaruza katika freti mbili tatu zinazofuatana tu, tazama freti hizo. Ukikwaruza kila mahali, ukiwa wazi na ukibonyezwa, ndipo daraja linaposhukiwa.

Sababu inayotokea zaidi ni ndogo kiasi cha kuchekesha: ncha ya uzi iliyobaki baada ya kufunga inagusa uso wa gitaa na kutetemeka juu yake. Ibonyeze kwa kidole huku unapiga uzi. Sauti ikisafika, ikate ncha ibaki fupi, na kazi imekwisha.

Sababu ya pili ni vijifuo ambavyo nyuzi zimechimba juu ya mfupa. Nyuzi za besi zimezungushiwa waya mwembamba wa metali, na kila zinapokazwa na kulegezwa waya huo husaga mfupa kama tupa. Plastiki huchimbika upesi zaidi. Kijifuo kikipanuka, uzi hukosa mahali pamoja pa kukaa na huanza kutikisika ndani yake. Kipimo chake ni rahisi: legeza uzi kidogo, weka kipande cha karatasi nyembamba kati ya uzi na mfupa, kaza tena, kisha piga. Mkwaruzo ukiondoka, umempata mhalifu.

Sababu ya tatu ni mfupa uliolegea ndani ya mfuo wake, au ambao upande wake wa chini haukunyooka na kwa hiyo haugusi mbao mahali pote. Ya nne, ambayo hutokea kwa nadra, ni ubavu wa ndani, yaani kijiti cha mbao kinachoimarisha uso wa gitaa kwa chini, ulioachia gundi. Gonga uso wa gitaa taratibu kwa kifundo cha kidole, ukizunguka daraja, nyuzi zikiwa zimeshikwa zisilie. Ukisikia mlio wa kitu kilicholegea ndani, acha hapo na umwite fundi, kwa maana ubavu ulioachia haufikiwi bila vifaa vya kuingizwa kupitia tundu la sauti.

Vijifuo visivyo na kina huondolewa kwa msasa mlaini. Legeza nyuzi zote kwa zamu, kidogo kidogo, kisha vuta mfupa utoke. Katika gitaa la namna hii haukugundishwa, na usipotoka kwa vidole shika kwa koleo lililofunikwa kitambaa. Tia alama ya penseli upande wa besi kabla hujausahau. Laini sehemu ya juu ukifuata umbo lake la mviringo, bila kupunguza kimo kuliko inavyohitajika. Kijifuo kikiwa kimezidi nusu milimita, kusaga hakutafaa, kwa sababu kimo utakachopoteza kitaziteremsha nyuzi zote. Hapo tengeneza mfupa mpya.

Kuhusu mfupa mpya, mtu aliye Uganda hana haja ya kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene ulionyooka wa chini ya goti, unapatikana kwa muuza nyama yeyote na ni bora kuliko plastiki nyingi zinazouzwa. Uondoe nyama na uboho, uchemshe kwa moto mdogo katika maji yenye sabuni ili mafuta yatoke, kisha uuache ukauke kivulini kwa siku kadhaa. Usiuchemshe kutwa nzima, kwani mfupa uliopikwa mno hudhoofika na kukatika unapopigwa tupa. Kata kipande chenye urefu wa kutosha mfuo, ambao kwa kawaida ni kiasi cha milimita 80, na unene wa milimita 2.5 hadi 3 kwa kadiri ya mfuo wako. Kipimo cha unene ulio sawa ni kwamba mfupa uingie kwa kusukumwa na kidole na usidondoke gitaa linapopinduliwa. Upande wa chini uwe umenyooka kabisa. Usugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Vaa barakoa au fanya kazi hiyo nje, kwa kuwa vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu, na harufu yake haitawapendeza majirani.

Nyuzi hukatika mahali pale pale

Tazama uzi uliokatika kabla ya kuutupa. Ukiwa umekatikia shingoni, daraja halina hatia; uzi wa nne ndio unaopatwa na hilo zaidi kwa sababu waya wake na nyuzinyuzi zake za ndani ni nyembamba. Ukiwa umekatikia juu ya mfupa, kuna ukingo mkali hapo, nao hulainishwa kwa msasa katika dakika chache. Ukiwa umekatikia ndani ya tundu la kitako, mdomo wa tundu una makali. Pitisha ndani yake kipande cha uzi wa zamani wa besi na ukivute mbele na nyuma mara kadhaa, kitalainisha mbao bila kuipanua. Kupaka unga wa penseli kwenye kijifuo kunasaidia uzi uteleze wakati wa kukaza.

Sababu nyingine si ya daraja ila ni ya mwenye kupiga. Kwaya nyingi hukaza gitaa juu ya kawaida ili lifuate sauti za waimbaji. Kupandisha nyuzi zote kwa nusu toni huongeza mvuto kwa takribani asilimia 12, na kwa toni nzima kwa takribani asilimia 26, yaani zile kilo 40 hukaribia 50. Gitaa jipya huenda likavumilia. Gitaa kuukuu litalipa kwa nyuzi zake kwanza, kisha kwa gundi yake. Atakaye sauti ya juu afunge kibano cha shingoni (capo), kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja.

Uzi wa kwanza huchomoka

Mara nyingi kosa ni fundo. Uzi wa kwanza ni mwembamba, karibu milimita 0.7, na nailoni yake ni laini, hivyo mzunguko mmoja hautoshi. Uzungushe mara tatu, na hakikisha mzunguko wa mwisho unabanwa nyuma ya ukingo wa kitako, chini, wala si juu yake. Fundo likimalizikia juu ya kitako hakuna kinacholibana, na litateleza tu. Waweza pia kuyeyusha ncha ya uzi kwa kiberiti, mbali na gitaa, ipate kidonge kidogo kitakachozuia kuteleza.

Wanaotumia uzi wa kuvulia samaki, ule ule unaofungwa kwenye adungu, ile ala ya nyuzi ya kule West Nile nchini Uganda, watauona ukichomoka zaidi. Uzi huo unalia, sikatai, lakini ukiwa mwembamba kuliko inavyotakiwa hubaki umelegea hata ukifikia sauti yake, na huuma mfupa wa plastiki upesi.

Uzi unapochomoka ghafla hupiga uso wa gitaa na kuacha jeraha nyuma ya daraja. Kabla ya kufunga, weka kipande cha kadi ngumu hapo.

Matundu ya kitako yamepanuka

Dalili yake ni kwamba uzi, unapotoka kwenye tundu kuelekea kwenye mfupa, umepanda juu kuliko zamani, na tundu limekuwa refu kwa juu badala ya kuwa la duara. Kinachofanya hivyo ni kitanzi cha fundo, ambacho huvuta uzi kwenda juu mwaka hadi mwaka. Kosa hili husahauliwa kwa kuwa halipigi kelele. Linachopunguza ni pembe ambayo uzi hushuka kutoka kwenye mfupa, na pembe hiyo ikipungua, uzi haukandamizi mfupa vizuri: sauti inafifia, uzi unahama upande unapovutwa kwa nguvu, na mtu anadhani ubao wa gitaa umechoka.

Angalia kwanza kama mfupa ulisagwa mno na mtu aliyetaka kushusha nyuzi. Mfupa unaochomoza chini ya milimita 2 juu ya daraja huleta dalili ile ile, na dawa yake ni mfupa mrefu zaidi, endapo shingo inaruhusu. Mfupa ukiwa na kimo kizuri, basi tatizo ni matundu.

Tengenezo lisiloumiza gitaa ni kuacha kufunga kitanzi moja kwa moja kwenye kitako. Badala yake, kila uzi hupitishwa kwenye kipande kidogo cha mfupa au cha plastiki ngumu chenye matundu mawili au matatu, kinachokaa nyuma ya kitako. Fundo hushikwa na kipande hicho, na uzi hutoka kwenye tundu ukiwa umenyooka. Shanga ngumu hufanya kazi hiyo pia. Shanga za karatasi zinazotengenezwa Uganda ni nzuri shingoni mwa mtu, lakini hazikuundwa kwa mzigo wa kilo sita saba kila moja. Fundi aliyezoea anaweza vilevile kutoboa matundu ya ziada, mawili kwa kila uzi, na hiyo ni kazi ya mashine iliyosimama imara, si ya drili ya mkononi. Mkono ukiteleza, ncha ya drili itaingia kwenye uso wa gitaa.

Sauti haikubaliani shingoni

Nyuzi zimepatana zikiwa wazi, lakini akordi zinazoshikwa juu ya shingo hazipatani. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige upate sauti ile nyembamba, kisha ubonyeze hapo hapo na ulinganishe. Sauti mbili zapaswa kuwa moja.

Zisipokuwa moja, badili nyuzi kwanza. Nailoni iliyochakaa hupoteza usawa wa unene wake, na hakuna matengenezo ya daraja yatakayoisaidia. Nyuzi mpya zikishindwa, tazama mfupa kwa ubavuni: je, umeinama kuelekea shingoni? Mfuo ulioliwa huuruhusu mfupa kuinama, urefu wa uzi unaotikisika unapungua, na kila sauti inayobonyezwa inakuwa juu kidogo. Mfupa mnene zaidi utaurekebisha. Usijaze pengo kwa karatasi iliyokunjwa isipokuwa kwa siku moja ya shida. Mfupa ukiwa umesimama wima na sauti bado haikubaliani, sababu iko katika dalili mbili zinazofuata.

Nyuzi zimepanda au zimeshuka

Pima kwa rula ya chuma kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Kiasi cha milimita 3 kwa uzi wa kwanza na milimita 4 kwa uzi wa sita ni cha kawaida. Ili kushusha uzi milimita moja hapo, mfupa hupunguzwa milimita mbili, kila mara kutoka upande wa chini.

Lakini usikimbilie tupa. Jiulize kwanza ni majira gani. Uso wa gitaa ni ubao mwembamba unaokunywa unyevu wa hewa: mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huuvimbisha Kampala na Jinja, na nyuzi hupanda pamoja nao, kiangazi cha Karamoja huukausha ukashuka, nyuzi zikaanza kugusa freti. Atakayesaga mfupa wakati wa mvua atautafuta kwa majuto mwezi wa Januari. Gitaa linapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na pasipo kipimo cha unyevu, kulihifadhi ndani ya sanduku lake kunatosha kupunguza mabadiliko ya ghafla.

Majira yakiwa si sababu, laza rula juu ya uso wa gitaa nyuma ya daraja. Mwinuko mdogo ni wa kawaida na mara nyingi uliwekwa na mtengenezaji. Mwinuko mkubwa nyuma ya daraja, ukiambatana na bonde mbele yake kuelekea tundu la sauti, maana yake daraja linapinduka na mbavu za ndani zimechoka au zimeachia. Legeza nyuzi zote na utafute fundi. Kupunguza mfupa hapa ni kuificha dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Upenyo nyuma ya daraja

Hii ndiyo dalili ambayo haitakiwi kusubiri. Chukua karatasi ya kawaida na ujaribu kuisukuma chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, kisha kwenye ncha zake mbili. Ikikataa kuingia, unachokiona ni mstari wa vanishi tu. Ikiingia milimita moja mahali pamoja, tia alama ya tarehe kwenye daftari na upime tena baada ya wiki mbili. Ikiingia zaidi, au mahali zaidi ya pamoja, legeza nyuzi siku hiyo hiyo. Daraja lililoachia nusu huweza kung'oka lote kwa mara moja, nalo huondoka na nyuzinyuzi za mbao za uso wa gitaa. Hapo kazi ya gundi inageuka kuwa kazi ya kuunda upya uso.

Nyuzi za chuma ndizo mkosaji mkubwa. Kinachofuata ni joto: gundi ya ngozi na hata gundi ya kawaida ya mbao hulegea zikipashwa, na buti la gari lililoegeshwa juani, au chumba chenye paa la mabati bila dari, hutoa joto la kutosha kuanzisha upenyo. Kukausha gitaa lililolowa mvua kando ya sigiri ni kosa la namna hiyo hiyo. Katika magitaa ya viwandani kuna sababu nyingine, kwamba daraja liligundishwa juu ya vanishi badala ya mbao tupu, na vanishi ndiyo iliyobanduka. Mwisho kuna matengenezo mabaya ya zamani.

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa kuwa uharibifu mwingi wa magitaa kuukuu hufanywa na mkono wenye nia njema. Usidondoshe supaglu ndani ya upenyo. Itashika juu juu, itaachia tena, na itaingia kwenye mbao kiasi kwamba gundi sahihi haitashika mahali hapo mpaka ikwanguliwe yote. Usipige skrubu. Usimimine gundi ya mbao kwenye upenyo ambao bado una gundi ya zamani ndani, kwa sababu gundi mpya hushika mbao, haishiki gundi iliyokufa. Na usitenganishe daraja kwa kisu kikavu, kwani uso wa gitaa ni ubao wa unene wa milimita mbili hadi tatu tu.

Kazi sahihi huenda hivi. Fundi hupasha daraja moto polepole, hulitoa kwa bapa jembamba la chuma lenye joto, hukwangua gundi yote pande mbili, huondoa vanishi iliyobaki chini ya nyayo ya daraja, hulijaribisha liketi bila gundi na bila pengo, ndipo hupaka gundi ya ngozi au gundi nzuri ya mbao na kulibana kwa vibano vinavyopita tundu la sauti, vikiegemea vipande vya mbao vilivyochongwa kukwepa mbavu. Hubaki hivyo kwa saa 24, na nyuzi hukazwa baadaye zaidi.

Daraja lenyewe limepasuka

Ufa hufuata mstari wa matundu ya kitako au ukuta wa mbele wa mfuo. Huo wa mbele huletwa na mfupa mrefu kupita kiasi au mwembamba ulioinama. Ufa wa juu juu kwenye kitako, ambao haufunguki nyuzi zinapokazwa, unaweza kugundishwa na kubanwa na fundi. Ufa wa mfuo unamaanisha daraja jipya.

Fundi atakapochagua mbao za daraja hilo, uzito uzingatiwe pamoja na ugumu. Daraja la kawaida ni la mti wa jamii ya Dalbergia (rosewood), ambayo tangu 2017 imekuwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mpingo nao ni wa jamii hiyo, ni mgumu na hauchimbiki, lakini ni mzito mno na hufisha sauti usipopunguzwa sana. Mvule ni mwepesi kuliko mbao za Dalbergia zinazozoeleka na matundu yake yatachakaa mapema. Ukitumika, nyuzi zifungwe kwa vile vipande vya mfupa nilivyovieleza.

Gitaa linalosubiri fundi likae na nyuzi zilizolegezwa, ndani ya sanduku, mbali na dirisha la jua. Mafundi wa fanicha ni wengi kuliko wa magitaa, na baadhi yao wana mikono mizuri sana, kwa hiyo kabla ya kumkabidhi yeyote chombo chako muulize atafanya nini na gundi ya zamani na vanishi iliyo chini ya daraja. Akijibu kwamba ataikwangua yote, mpe. Akijibu kwamba atapaka nyingine juu yake, lichukue gitaa uondoke nalo.